Kiondo cha Kununua Hakimfunzi Mtoto

Methali "Haraka haraka haina baraka" nimeifundisha darasani kwa miaka mingi. Nimewatungisha wanafunzi insha juu yake, nikazisahihisha kwa wino mwekundu, na kuwatuza alama wale waliobuni visa vya kusisimua. Hata hivyo, jioni moja ya mwezi wa Juni mwaka wa 2023, mimi mwenyewe niliikiuka, tena mbele ya mtoto wangu.

Binti yangu, aliyekuwa Gredi ya Tano wakati huo, alirejea nyumbani na agizo la mwalimu wake: kila mwanafunzi asuke kiondo kidogo na kukiwasilisha baada ya siku tatu. Nilikuwa na marundo ya madaftari ya kusahihisha, na mtihani ulikuwa umekaribia. Kesho yake nikapitia soko la Wote, nikanunua kiondo kizuri chenye milia ya kahawia, nikamkabidhi. Alipata alama zote. Siamini kwamba mwalimu wake hakujua. Mimi pia huzijua insha zilizoandikwa na kaka mkubwa, na mara nyingine huzitia alama nikanyamaza.

Aliyekataa kunyamaza ni mama yangu mzazi. Alipotutembelea alikiokota kile kiondo, akakigeuza, akakitazama kitako kwa muda mrefu.

"Mwanangu," aliniambia, "mkono huu ni wa mtu mzima. Sasa ni nani aliyepewa alama?"

Sikuwa na la kumjibu. Basi likizo ya Agosti ilipofika, binti yangu akaenda kwa nyanyake kijijini ili ajifunze alichodaiwa kuwa ameshakijua.

Msomaji asiyeijua kazi hii huenda akadhani kwamba kiondo huanza kwa kusukwa. La hasha! Huanza kwa jani la mkonge, ambalo hukatwa, likakwanguliwa hadi nyuzi nyeupe zikajitokeza, kisha nyuzi hizo zikaanikwa juani. Baada ya hapo husokotwa juu ya paja, uzi baada ya uzi, hata ngozi ikawaka moto. Kitako hufuata, nacho kikikosewa, kiondo kizima huenda mrama. Mkonge wenyewe ni mgeni katika nchi zetu. Asili yake ni Mexico, nao uliletwa Tanganyika mwaka wa 1893. Kabla yake, akina nyanya wa Ukambani walisuka kwa nyuzi za magome ya vichaka na ya mbuyu. Mali ghafi ilibadilika, lakini subira ya mikono haikubadilika.

Jambo jingine nililolisahau, ingawa nilikulia humo humo, ni kwamba kazi hii ina majira yake. Kwetu Makueni, mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, kwani masika huja na hila nyingi. Vuli inaponyesha, hakuna mwenye nafasi ya kukaa chini ya mti akisokota nyuzi. Ni kupanda na kupalilia. Katika kipupwe, mbaazi zinapokuwa zimevunwa na jua kuwa la upole, ndipo mikono ya akina mama huhama kutoka jembeni hadi kwenye mkonge. Kiondo basi si mchezo wa kupoteza wakati. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika maeneo mengi makavu ya Kenya. Shamba la Mama halikutoa hata debe moja. Unga uliopikwa katika nyumba ile ulinunuliwa kwa vyondo.

Wiki ya pili ya likizo hiyo, binti yangu alisikia mlio katika mtaro wa barabara. Mbwa jike alikuwa amegongwa na lori, na kando yake alibaki mtoto mmoja, mbavu nje, macho yamejaa tope. Wanafunzi wetu hukariri kwamba mtoto wa mbwa huitwa kilebu, wakapata alama yao, lakini wengi wao humjua mbwa kwa jiwe tu. Huyu alibebwa ndani ya sweta hadi nyumbani. Nilipopigiwa simu nilikataa katakata. Mama akanijibu kwamba aliyeulizwa si mimi. Nilikuwa ninaarifiwa tu. Kwa kuwa rangi yake ilifanana na nyuzi zilizoanikwa uani, walimwita Katani.

Katani hakujua shukrani ya vitabuni. Aliiba viatu, akafukua miche, akalia usiku kucha. Siku ya kumi akamng'ata binti yangu kidoleni, damu ikatoka. Hapo nilikumbuka kwamba kichaa cha mbwa si hadithi. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na takribani asilimia 99 ya wanaoambukizwa huambukizwa na mbwa. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukakimbilia hospitalini, akaanzishiwa chanjo siku hiyo hiyo. Kilebu naye alifungiwa na kuchunguzwa kwa siku 10. Siku zile nililala kwa mang'amung'amu. Alibaki mzima, na alipotimiza umri unaofaa, naye akachanjwa.

Nayasema haya kwa sababu Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kutangulia. Wataalamu husema kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa huu hukosa njia ya kuenea. Mwanafunzi anayempeleka mbwa wake kuchanjwa ameilinda shule nzima kuliko yule anayempiga mawe.

Septemba ilipofika, binti yangu alikuwa akienda kwa nyanyake kila mwisho wa juma. Kiondo kilikuwa kimefika nusu. Jumamosi moja alikikuta kimetafunwa. Katani alikuwa amelala juu ya mabaki yake kama aliyetandikiwa. Mtoto alilia. Nami, niliyedhani nimeshajifunza, nikamwambia polepole kwamba sokoni vipo vingi. Mama hakusema neno. Alinitazama tu.

"Hapana, Baba," binti yangu akasema huku akijifuta machozi. "Hiki changu naweza kukifumua."

Alikifumua hadi kwenye kitako, akaanza upya. Safari hii alikuwa na werevu wa kuziweka nyuzi juu mtini, na Katani, aliyekuwa akikua, alianza kukaa kando yake akitazama mikono ikipanda na kushuka. Kiondo kilikamilika mwishoni mwa Oktoba. Kilikuwa kimepinda upande mmoja, na mlia wake ulipotea njia mahali pawili. Mwezi uliofuata mvua za El Niño zilipokuja kwa fujo, Mama alikuwa ameshapanda. Mbegu za kunde na pojo alizitoa katika kiondo hicho hicho kilichopinda.

Sitaki kueleweka kwamba ninaulaumu Mtaala wa Umilisi peke yake. Sisi tuliosomeshwa chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, tulifundishwa pia kazi za mikono, na nakumbuka vizuri mwiko nilioupeleka shuleni ukiwa bado una harufu ya duka. Mitaala hubadilika, lakini udanganyifu huu umerithiwa. Mtoto anapopewa siku tatu kufanya kazi ya miezi mitatu, tumeshamwambia, bila kutamka, kwamba aende sokoni. Aliye na pesa hupata alama. Asiyenazo hupata aibu, ingawa huenda nyanyake ndiye fundi aliyemuuzia mwenzake.

Walimu wenzangu, naomba tuyatafakari mambo machache. Kazi ya mikono itolewe mwanzoni mwa muhula, na ifuate majira ya mahali shule ilipo. Alama zitolewe kwa hatua: uzi uliosokotwa, kitako, ukingo, hata kosa lililofumuliwa. Akina nyanya waalikwe shuleni wakae mbele ya darasa kama walimu. Zaidi ya yote, tukubali kupokea kilichopinda. Nanyi wanafunzi, mkikiona kiondo kikiwa kimekamilika, ulizeni kilianzia wapi. Aliyekisuka bado yu hai katika vijiji vingi, lakini hatakungojeni milele.

Kwa upande wangu, nimeacha kuzinyamazia zile insha za kaka mkubwa. Humrudishia mwanafunzi daftari lake na kumwomba aniletee yake, hata ikiwa mbaya. Kiondo kile cha sokoni, kilichopata alama zote, hakuna anayejua kilikokwenda. Kile kilichopinda kinaning'inia jikoni kwa Mama na kungoja vuli, na mlangoni hulala mbwa mkubwa wa rangi ya katani, ambaye siku hizi hatafuni kitu asichopewa.