Chupa Tupu, Kanga Kuukuu na Dumu la Mafuta

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia vyombo ambavyo karibu kila nyumba inavyo na ambavyo mara nyingi huishia jalalani: chupa ya plastiki iliyokwisha maji, kanga iliyochakaa, na dumu la lita 5 lililokwisha mafuta ya kula. Vyombo hivi vinaweza kuwakinga watoto na kuhara, hata na kipindupindu. Lakini chupa hiyo hiyo ikitiwa kitu kisichostahili yaweza kumwua mtoto. Kwa hiyo tunawaomba akina mama, na akina baba pia, wasome mpaka mwisho.

Tuanze na chupa. Watu wengi wanajua kwamba maji ya kunywa yanapaswa kuchemshwa. Lakini kuni ni za kutafuta mbali na mkaa ni ghali, na mama aliyekwisha kuivisha maharage huwa hana tena moto wa kuchemshia ndoo ya maji. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, nchini Lebanoni, walionyesha kuwa jua lenyewe huua vijidudu vya kuhara katika maji yaliyomo ndani ya chombo kinachopitisha mwanga. Tangu mwaka 1991 wataalamu wa Uswisi nao wameichunguza njia hiyo. Hapa kwetu Afrika Mashariki ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado, Kenya. Nusu ya watoto waliweka chupa zao juani, juu ya paa, na nusu waliziweka ndani ya nyumba. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996: wale wa juani waliugua kuhara kidogo kuliko wenzao.

Chukua chupa ya maji au ya soda isiyo na rangi, inayoonyesha ndani, isiyozidi lita 2. Tazama chini yake: inafaa ile yenye alama ya pembetatu na namba 1 katikati. Bandua karatasi yake, ioshe kwa sabuni, ijaze maji, funga kizibo, kisha ilaze juu ya bati tangu saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Siku za mvua tupu njia hii haifai. Hapo hatuna budi kuchemsha. Maji yakiwa tayari yabaki katika chupa ile ile mpaka yanywewe, maana ukiyamimina kwenye mtungi wenye kata ya kila mtu, kazi yote ya jua imepotea. Chupa iliyochubuka hata ikafifia haipitishi mwanga vizuri, ibadilishwe.

Wako wanaouliza kama plastiki ikipata joto haitoi sumu. Wataalamu wa Uswisi walilipima jambo hilo kwa chupa za aina hii na hawakukuta kiasi cha kudhuru. Jambo la kukumbuka ni jingine: jua huua vijidudu tu. Haliondoi dawa za shambani wala madini, kama yale ya floraidi yanayowafanya watu wengi wa Arusha kuwa na meno ya kahawia. Kuchemsha nako hakuyaondoi.

Tena maji ya tope hayafai kuanikwa, kwa sababu mwanga haupenyi. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, uchungulie kupitia mdomo wake. Ukishindwa kusoma kichwa cha habari (hata kichwa cha ukurasa huu chatosha kwa kipimo), yachuje kwanza.

Hapo ndipo kanga kuukuu inapoingia. Huko Matlab, nchini Bangladesh, wanawake walifundishwa kuchuja maji ya mito na mabwawa kwa sari, vazi lao la kujifunga, lililokunjwa likawa na tabaka kadhaa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2003 ilionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu walipungua karibu nusu. Sababu ni kwamba vijidudu vya kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye wadudu wadogo mno wanaoelea majini, na wadudu hao hunaswa na nguo. La kushangaza, sari kuukuu ilishinda mpya! Pamba ikifuliwa mara nyingi nyuzi zake hutawanyika na kuziba matundu. Basi kanga ya pamba iliyochakaa, safi, ikunje mara tatu upate tabaka nane. Ukimaliza isuuze na uianike juani. Lakini kuchuja peke yake hakutoshi. Bado maji yaanikwe au yachemshwe.

Dumu nalo hufanywa kibuyu chirizi. Toboa tundu dogo kwa msumari wa moto chini kidogo ya shingo, ulitundike kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili, kisha funga kamba kutoka shingoni hadi kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, maji huchirizika, ukiachia, hukoma. Kipande cha sabuni kitobolewe kining'inie pembeni. Kiwekwe karibu na choo, si jikoni tu. Tunasema wazi: beseni moja linalozungushwa kwa watu ishirini karamuni haliwanawishi, linawagawia uchafu.

Sasa upande wa pili. Nyumba nyingi huweka mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma wala hanusi kwanza. Anajua tu kwamba chupa hiyo ni ya kinywaji. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Hatari kubwa ni mafuta hayo kuingia mapafuni, na kutapika huyapeleka huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, na umkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, kwani kikohozi na kuhema haraka huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Nenda na chupa yenyewe ili daktari ajue alichokunywa.

Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya shambani kisitiwe maji ya kunywa wala chakula kamwe, hata kikioshwa mara kumi. Kitobolewe matundu siku hiyo hiyo kinapokwisha, asije jirani akakiokota akakifanya dumu la maji.