Lusangi: Chemchemi ikishajengwa, nani ataitunza?

Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi chemchemi isiyojengwa hutoa maji ya tope. Kwa mama wa kijijini Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare kusini mwa jimbo la Maniema, tope si tatizo pekee. Mvua hiyo hiyo husomba kinyesi kutoka vichakani, wanakojisaidia wasio na choo, hadi pale anapojaza bidoni yake.

Hofu hiyo ina msingi. Kipindupindu kimekuwa kikirudi mashariki mwa Kongo tangu miaka ya 1970. Mabomba ya REGIDESO, shirika la maji la serikali, ni ya mijini. Vijiji hutegemea chemchemi, visima na mito kama Luama.

Kulinda chemchemi hakuhitaji mitambo mikubwa. Mafundi huchimba hadi kwenye jicho la maji, hupanga mawe na changarawe, hufunika kwa udongo wa mfinyanzi, kisha hujenga ukuta wenye bomba la kutolea maji. Upande wa juu huchimbwa mtaro wa kugeuza maji ya mvua, na uzio huzuia mifugo. Choo huwekwa umbali wa angalau mita 30, upande wa chini wa mteremko.

Hata hivyo, maji safi yakimiminwa kwenye bidoni chafu, ugonjwa umerudi nyumbani. Ndiyo maana mpango wa taifa wa "Village Assaini", yaani kijiji safi, unaoungwa mkono na UNICEF, hautoi cheti kwa sababu ya chemchemi peke yake. Angalau asilimia 80 ya wakazi wawe na maji salama, asilimia 80 watumie vyoo bora, na asilimia 60 wanawe mikono kwa sabuni au jivu. Kijiji kiwe pia na kamati hai na kifanye usafi angalau mara moja kwa mwezi.

Maji ya kuogea na kufulia nayo yasiachwe yatuame uani na kuzalisha mbu. Shimo lililojazwa mawe linatosha kuyanyonya.

Mtihani mkubwa huja baada ya cheti. Bila kamati, mtaro huziba, uzio hugeuzwa kuni, ukuta hupata ufa, na watu hurudi mtoni. Mchango mdogo wa kila kaya, wa fedha, mazao au nguvu za mikono, huzuia hayo.

Lakini mzigo huo si wa wanakijiji peke yao. Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 iliyapa majimbo na mamlaka za chini, zikiwemo sekta, wajibu wa huduma ya maji. Kwa hiyo wananchi wana haki ya kuiuliza sekta yao: mfuko wa saruji wa kuziba ufa wa chemchemi uko wapi katika bajeti ya mwaka huu?