Anayetaka kuwa daktari wa mifugo aanze kupanga masomo lini?

Swali hili limeingia kwenye simu ya studio zaidi ya mara moja, na karibu kila mara linakuja hivi: “Binti yangu anataka kuwa daktari wa mifugo. Amesoma kwenye simu kwamba kwanza achukue shahada ya sayansi ya wanyama, halafu ndipo aombe kusomea udaktari. Ni kweli?”

Ni kweli, ila kwa Marekani. Hapa kwetu njia ni nyingine. Mtoto akifuata ile ya kwenye simu anaweza kumaliza miaka mitatu chuoni, na ng'ombe kadhaa wa baba yake wakaenda mnadani, kisha akatoka na shahada nzuri kabisa isiyomfanya kuwa daktari. Hewani dakika zetu ni chache, kwa hiyo tumeona tuliandike hapa ulisome taratibu na kumwonyesha mwenzako.

Tuanze na huko Marekani, ili tujue ushauri ule unatoka wapi. Kule kijana akimaliza sekondari haendi moja kwa moja kusomea udaktari wa mifugo. Anaingia kwanza chuo kikuu kwa shahada ya kawaida, ambayo wengi huimaliza kwa miaka minne. Baada ya hapo ndipo anaomba chuo cha udaktari wa mifugo, ambako anasoma miaka minne mingine. Shahada ile ya kwanza inaweza kuwa ya fani yoyote, hata historia, mradi ndani yake awe amepita masomo fulani ambayo chuo cha udaktari kinayadai: biolojia, kemia, fizikia, takwimu, na mara nyingi jenetiki na mikrobiolojia. Kila chuo kina orodha yake. Wengi huchagua sayansi ya wanyama kwa sababu masomo mengi yanayodaiwa yamo humo tayari.

Kazi ya kupanga iko hapo. Masomo yale hayachukuliwi ovyo, yanafuatana. Huwezi kusoma biokemia kabla ya kemia ya kikaboni, na kemia ya kikaboni haikupokei kabla hujamaliza kemia ya jumla. Ni kama mahindi, huwezi kupalilia ulichokuwa hujapanda. Mwanafunzi wa Marekani aliyeacha kemia mwaka wa kwanza, akaikumbuka mwaka wa tatu, mara nyingi anaongeza mwaka mzima na ada yake. Ndiyo maana wenzetu wanaandika sana kuhusu jambo hili mtandaoni, na ndiyo maana mtoto wako akitafuta kwenye simu anakutana na maandishi yao kabla ya yetu.

Sasa turudi nyumbani. Shahada ya udaktari wa mifugo inatolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro. Ni ya miaka mitano, na anayetoka kidato cha sita anaingia moja kwa moja. Hakuna shahada ya kutangulia. Nairobi na Makerere nao wanapokea wanafunzi kwa mtindo huo, miaka mitano. Kwa hiyo ile mipango ambayo Mmarekani anaifanya akiwa chuoni na miaka yake ishirini, mtoto wetu anaifanya akiwa sekondari, na mara nyingi hana wa kumuuliza.

Shahada ya sayansi ya wanyama nayo ipo SUA, na hatuidharau hata kidogo. Inafundisha ulishaji, uzalishaji, uboreshaji wa mbegu na uendeshaji wa ranchi, na mkoa wetu ungefaidika sana tungekuwa na watu hao wengi zaidi. Lakini hiyo ni kazi nyingine. Hapa nchini udaktari wa mifugo unasimamiwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na mtu haitwi daktari wala hafanyi kazi hiyo mpaka asajiliwe na Baraza la Veterinari. Baraza linaangalia shahada ya udaktari wa mifugo. Kule Marekani sayansi ya wanyama ni ngazi ya kupandia kwenda kwenye udaktari. Huku ni nyumba yake yenyewe, na mtu aingie kwa kuwa anaitaka.

Basi mzazi, ukitaka kujua kama njia bado iko wazi, angalia masomo mawili: Kemia na Biolojia. Haya ndiyo yanayobeba maombi ya udaktari wa mifugo. Kidato cha tano tahasusi inayofahamika zaidi ni PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Ipo pia CBG, yenye Jiografia badala ya Fizikia, na mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi nyingine nyingi mpya. Kabla ya kuchagua ngeni, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uone kama SUA wanaitambua kwa shahada hii na wanadai nini juu ya masomo hayo mawili. Mwongozo ule hutolewa kila mwaka. Wa kaka yake aliyeomba miaka mitatu iliyopita usiutegemee.

Alama nazo tuziseme. Kiwango cha chini cha TCU kwa anayetoka kidato cha sita ni pointi 4 kutoka masomo mawili yanayohusika, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Maana yake D mbili zinakufikisha mlangoni, E mbili hazikufikishi. Kufika mlangoni si kupata nafasi, kwa sababu wanaoomba ni wengi na chuo kinaanza na wenye alama za juu.

Lakini PCB haianzi kidato cha tano. Inaanza siku mtoto anapoamua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuziacha, na wengi huziacha kwa sababu mwalimu hayupo au maabara ni kabati lenye chupa mbili. Tunalijua tatizo hilo, shule za huku tumezitembelea. Ila mtoto aambiwe mapema kwamba akiiacha Kemia, ameacha na ndoto ya sindano.

Kuna wanaotuuliza Kemia na Hisabati vinahusiana nini na ng'ombe. Chukua dawa ambayo kila mfugaji anaijua, OTC ya asilimia 20. Kila mililita moja ina miligramu 200 za dawa. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 20 kwa kila kilo ya mnyama. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji miligramu 6,000, ambazo ni mililita 30. Anayekisia kwa macho akachoma 15 hajaponya ugonjwa, amewafundisha vijidudu kuizoea dawa. Na baada ya sindano kuna siku ambazo maziwa hayanywewi wala hayauzwi, zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Daktari anatakiwa ajue kwa nini ni siku hizo, dawa inakaa wapi mwilini na inatokaje. Hiyo ndiyo biokemia na famakolojia atakayokutana nayo Morogoro, na bila Kemia ya sekondari atakuwa anakariri tu.

Jambo moja linatusikitisha. Vyuo vya Marekani humtaka mwombaji aonyeshe saa alizofanya kazi na wanyama, na vijana wa mjini kule hutafuta kujitolea kwenye kliniki ili wazipate. Binti wa kwetu amekamua tangu ana miaka minane, ameshika ndama anayezaliwa usiku, anamtambua mbuzi mwenye homa kwa kumtazama masikio. Udahili wetu hauulizi hayo. Unauliza alama. Kwa hiyo wakati wa mitihani mpunguzieni zamu za machungani, tafadhali.

Ambaye hakupata alama za kidato cha tano hajafungiwa. Vyuo vya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, vipo Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba, Mabuki, Kikulula na Temeke, na vinafundisha astashahada na stashahada za afya ya mifugo na uzalishaji. Anayeomba anahitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, sayansi zikiwemo, na masomo ya dini hayahesabiwi. Akihitimu anaandikishwa na Baraza kama mtaalamu msaidizi, na anaweza kuajiriwa. Akitaka kuendelea hadi shahada, TCU inaangalia stashahada yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Hii ina maana kwamba mitihani ya pale LITA nayo inahesabika. Wapo wanaoizembea wakidhani watafidia mwishoni, na wastani hauwasubiri. Njia hii ni ndefu kwa miaka, lakini wako waliolipia masomo ya shahada kwa mshahara wao wenyewe.

Kwa wenye watoto waliopata matokeo ya kidato cha nne: tahasusi iliyojazwa kwenye fomu ya Selform shuleni inaweza kubadilishwa kwenye mfumo wa TAMISEMI mtandaoni kwa muda unaotangazwa baada ya matokeo. Mtoto anahitaji namba yake ya mtihani na taarifa alizojaza shuleni. Kama alijaza HGL kwa kuwa rafiki zake walijaza hivyo, na Kemia na Biolojia amefaulu vizuri, kaeni naye chini kabla dirisha halijafungwa. Maswali ya ada za LITA na mkopo wa elimu ya juu ni mengi, tutayachukua kwenye kipindi cha mifugo, tuandikieni.