Kuweka na Kusanidi Kiendeshi cha Kidhibiti cha Diski katika Unix

Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza kazi ya kidhibiti cha diski na ya kiendeshi chake;
(b) kutaja kwa mpangilio hatua za kuweka kiendeshi;
(c) kueleza kwa nini kompyuta inaweza kushindwa kuwaka baada ya kiendeshi kubadilishwa.

1. Maana

Kidhibiti cha diski ni saketi au kadi iliyo kati ya ubao mama na diski. Hupokea ombi la kusoma au kuandika, hulipeleka kwenye diski, kisha hurudisha majibu. Baadhi ya vidhibiti, kama kadi za MegaRAID, huunganisha diski kadhaa na kuzionyesha kwa mfumo kana kwamba ni diski moja.

Kiendeshi ni programu inayokifundisha kiini cha mfumo endeshi namna ya kuamuru kidhibiti hicho. Angalia: watu wengine huiita diski yenyewe kiendeshi. Katika sehemu hii kiendeshi ni programu tu.

2. Tatizo la msingi

Kiendeshi ni faili, na faili hukaa kwenye diski. Lakini kiini hakiwezi kusoma diski bila kiendeshi. Ni sawa na ufunguo wa sanduku uliofungiwa ndani ya sanduku hilo hilo.

Suluhisho ni kipakizi, yaani programu ndogo inayotangulia kiini. Kipakizi hakitumii viendeshi vya kiini. Hutumia programu ya kudumu ya ubao mama (BIOS au UEFI) kusoma diski, kisha hupakia kiini pamoja na viendeshi vilivyoorodheshwa, vyote vikae kwenye kumbukumbu. Kiini kinapoanza kazi, tayari kina ufunguo mkononi.

Kwa hiyo kumbuka kanuni hii: kiendeshi cha diski yenye mfumo wenyewe lazima kiwe ndani ya kiini au kipakiwe na kipakizi. Kukipakia kwa amri baada ya mfumo kuwaka ni kuchelewa.

3. Hatua za kazi

Tutatumia FreeBSD, mfumo wa familia ya Unix uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1993. Tuchukue seva yenye kadi ya MegaRAID. Baadhi ya kadi hizo zinaweza kuhudumiwa na viendeshi viwili: mfi, cha zamani, na mrsas, kipya zaidi. Vyote viwili vikiwepo, mfi kinaweza kushika kadi kwanza. Tunataka mrsas kichukue nafasi.

Hatua ya 1: Weka nakala ya data. Usiguse mipangilio ya diski bila nakala iliyo nje ya mashine hiyo.

Hatua ya 2: Tambua kadi. Ukiwa mtumiaji mkuu, andika:
pciconf -lv
Kifaa kisicho na kiendeshi huanza na neno none. Kadi yetu itaanza na mfi0.

Hatua ya 3: Angalia kama kiendeshi kipo ndani ya kiini:
kldstat -v | grep mrsas
Kikikosekana, ongeza mstari huu katika faili /boot/loader.conf:
mrsas_load="YES"

Hatua ya 4: Sanidi. Katika faili hilo hilo, andika kwamba mrsas kipewe kipaumbele:
hw.mfi.mrsas_enable="1"

Hatua ya 5: Rekebisha majina ya diski KABLA ya kuwasha upya. Chini ya mfi, diski huitwa mfid0. Chini ya mrsas, diski hiyo hiyo huitwa da0. Faili /etc/fstab ndilo linaloueleza mfumo sehemu zipi za diski zitumike. Likibaki na /dev/mfid0p2, mfumo utatafuta jina ambalo halipo tena.

Njia bora ni kuipa sehemu ya diski lebo, kwa sababu lebo huandikwa kwenye diski na haibadiliki pamoja na kiendeshi:
gpart modify -i 2 -l mzizi mfid0
Kisha katika fstab tumia /dev/gpt/mzizi. Fanya hivyo kwa kila sehemu iliyotajwa humo.

Hatua ya 6: Washa upya, kisha hakiki:
dmesg | grep mrsas
camcontrol devlist
Amri ya kwanza huonyesha kama kiendeshi kimeishika kadi. Ya pili huonyesha diski zinazoonekana.

4. Mfumo ukigoma kuwaka

Ukisahau hatua ya 5, utaona ujumbe kwamba kupachika mfumo wa faili kumeshindikana kwa kosa namba 19, yaani kifaa hakipo. Kisha litatokea neno mountroot> likikusubiri. Usikimbilie kusakinisha mfumo upya, maana hapo ndipo data hupotea. Andika alama ya ? upate orodha ya diski zinazoonekana.

Ukiiona da0p2, andika:
ufs:/dev/da0p2
Mfumo ukiendelea, sahihisha fstab. Orodha isipoonyesha diski yoyote ya kadi hiyo, basi kosa liko kwenye kiendeshi, si kwenye jina. Rudi hatua ya 3.

5. Makosa ya watahiniwa

• Kuandika kwamba kiendeshi "huhifadhi data". Data huhifadhiwa na diski.
• Kutaja kldload peke yake. Amri hiyo hupakia kiendeshi mara moja tu, na mashine ikizimwa athari yake huisha.
• Kuorodhesha hatua bila kuhakiki. Hatua ya mwisho ina alama zake.

6. Swali la mfano

Fundi alibadilisha kiendeshi cha kidhibiti cha diski kwenye seva. Ilipowashwa upya, kiini kilianza lakini mfumo wa faili haukupatikana. Eleza sababu mbili zinazowezekana na namna ya kuzitofautisha. (Alama 6)

Jibu: Kwanza, kiendeshi hakikupakiwa na kipakizi, hivyo kiini hakioni diski (alama 2). Pili, kiendeshi kimepakiwa lakini jina la diski limebadilika, na fstab bado lina jina la zamani (alama 2). Kutofautisha: orodhesha diski kwa alama ya ? kwenye mountroot>. Diski isipoonekana, ni sababu ya kwanza. Ikionekana kwa jina jipya, ni ya pili (alama 2).