Jiwe moja, bei mbili: Somo la kwatzi kwa mkulima na mchimbaji mdogo

KWA karne nyingi, wakulima wa milima ya Alps nchini Uswisi wamekuwa wakisubiri theluji iyeyuke ili wapandishe ng'ombe kwenye malisho ya juu. Lakini si wote waliopanda na fimbo tu. Wapo waliobeba pia nyundo, mtarimbo na kamba, kwa sababu huko juu kulikuwa na mavuno mengine yasiyohitaji mbegu wala mbolea: fuwele za kwatzi.

Watu hao huitwa Strahler, na kazi yao haijafa. Wengi wanaoifanya sasa wana shughuli nyingine ya kuwaingizia kipato, na huenda milimani katika miezi michache ya joto. Huteremka na mizigo iliyofungwa kwa uangalifu kama mtu anayebeba trei za mayai, kwa sababu wanajua kwamba ncha moja ikivunjika njiani, sehemu kubwa ya faida imebaki mlimani.

Kwa mkulima wa Tanzania jambo hili linaweza kuonekana la ajabu. Kwatzi ni lile jiwe gumu, mara nyingi jeupe, linalotupwa pembezoni mwa shamba kwa sababu linaharibu jembe. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hulisaga ili kupata punje za dhahabu zilizomo, kisha mabaki hugeuka kifusi. Je, inakuwaje jiwe la aina hiyo hiyo liwe kifusi mahali pamoja, na mahali pengine liwekwe kwenye kabati la kioo?

Bei ya tani na bei ya kipande

Kwatzi imeundwa kwa elementi mbili tu, silikoni na oksijeni, na ni miongoni mwa madini yanayopatikana kwa wingi zaidi katika ardhi. Mchanga mwingi wa mito na fukwe ni kwatzi iliyosagika. Kwa hiyo, anayeuza kwatzi ya kawaida kwa viwanda vya kioo au kwa ujenzi anauza bidhaa ambayo wenzake wengi wanayo. Bei yake ni ya tani, na ni ndogo.

Hali hubadilika pale kwatzi ilipokua ndani ya uwazi wa mwamba. Maji ya moto yaliyobeba silika hupita katika nyufa, na yanapopoa taratibu, silika huganda na kujenga fuwele yenye pande sita na ncha kali. Ikiwa safi huwa angavu kama maji. Ikiwa na chembe za chuma na kupata mnururisho wa asili ardhini, inaweza kuwa ya zambarau, nayo huitwa amethisti. Chembe za alumini zikipata mnururisho kama huo huipa rangi ya moshi.

Fuwele ya namna hiyo haiuzwi kwa tani. Huuzwa kipande kwa kipande kwa majumba ya makumbusho na kwa watu binafsi wanaokusanya madini kutoka pande zote za dunia. Katika biashara, kipande hicho huitwa spesimeni. Mnunuzi hana nia ya kukikata wala kukisaga. Anataka kukiweka kama kilivyotoka ardhini.

Faida ya uvumilivu

Mwaka 1868, karibu na barafu ya Tiefengletscher katika jimbo la Uri, watu wa milimani walifungua pango lililokuwa na tani nyingi za kwatzi ya moshi. Baadhi ya fuwele zake zina uzito wa zaidi ya kilo 100, nazo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili mjini Bern.

Mwaka 2005 habari kama hiyo ilijirudia katika mlima Planggenstock, jimboni humo humo. Franz von Arx na mwenzake Paul von Känel walifikia pango lenye fuwele kubwa, moja ikiwa na urefu wa zaidi ya mita moja. Haikuwa bahati ya siku moja. Walikuwa wamefanya kazi kwenye mlima huo kwa zaidi ya miaka 10. Fuwele hizo nazo zilinunuliwa kwa ajili ya makumbusho hayo ya Bern.

Kinachofaa kuangaliwa zaidi na msomaji mfanyabiashara ni utaratibu wao. Katika Uri, anayetafuta fuwele hulipia kibali. Aidha, kwa desturi ya siku nyingi, anayegundua ufa wenye fuwele huacha hapo kifaa chake au alama yenye herufi za jina lake, na wengine huheshimu haki yake maadamu anaendelea kuufanyia kazi. Kwa kuwa hana hofu ya kuporwa, hana haraka. Na kwa kuwa hana haraka, hatumii nguvu inayovunja mali.

Mnunuzi mmoja akiondoka

Historia ya Brazil inaonyesha upande wa pili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939-1945), redio za majeshi zilihitaji vipande vyembamba vya kwatzi ili zishike masafa bila kuyumba. Brazil ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha fuwele zilizofaa. Wanunuzi wa Marekani walizitaka kwa wingi, na kilichowahusu ni ubora wa ndani tu. Fuwele ilikatwa kwa msumeno, uzuri wa umbo lake ukiishia hapo.

Baada ya vita, wataalamu, wakiwamo wa Bell Laboratories ya Marekani, waliendeleza njia ya kukuza kwatzi ndani ya mitungi ya chuma yenye joto na shinikizo kubwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 kwatzi ya kiwandani ilikuwa imeingia sokoni. Hata saa ya mkononi inayotumia betri huongozwa na kipande kidogo cha kwatzi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, na kipande hicho hutengenezwa kiwandani.

Viwanda havikuhitaji tena fuwele kubwa za asili. Vilihitaji vipande vidogo safi, vilivyojulikana kama lasca, vya kuyeyushwa na kulisha mitungi hiyo. Mchimbaji aliyezoea kuuza fuwele akajikuta anauza malighafi ya mshindani wake. Ni somo ambalo wakulima wa mkonge wanalifahamu vyema, kwani nao waliona bei ikiporomoka baada ya kamba za plastiki kuingia sokoni.

Mkusanyaji wa madini, kwa upande wake, hawezi kuchukuliwa na kiwanda. Anachonunua ni kazi iliyofanywa na ardhi yenyewe, mahali panapojulikana. Soko hilo ndilo lililowabeba wachimbaji wa milima ya Ouachita katika jimbo la Arkansas, Marekani. Katika eneo la Mount Ida, baadhi ya wenye machimbo huwatoza wageni kiingilio, huwaacha wachimbe katika udongo mwekundu na kuwaruhusu kuondoka na walichopata. Mwenye eneo anapata kiingilio, anauza fuwele alizochimba mwenyewe, na majirani wanauza chakula na malazi. Shimo moja linazaa mara tatu.

Anacholipia mkusanyaji

Kila mwaka, wauzaji na wanunuzi wa spesimeni hukutana katika maonyesho makubwa. Yanayofahamika zaidi ni ya Tucson, Marekani, mwezi Februari, yaliyoanza mwaka 1955. Sainte-Marie-aux-Mines, Ufaransa, mwezi Juni. Na Munich, Ujerumani, mwezi Oktoba. Huko vitu vinne ndivyo vinavyoamua bei.

Cha kwanza ni uzima. Fuwele ndogo yenye ncha kamili inaweza kuishinda kubwa iliyomeguka. Cha pili ni majirani wa fuwele, yaani madini mengine yaliyokua pamoja nayo kwenye jiwe mama. Katika Alps, kwatzi ya moshi iliyobeba fluoraiti ya waridi hutafutwa sana. Katika milima ya Erongo nchini Namibia, kwatzi hupatikana pamoja na akwamarini na turmalini nyeusi. Mchimbaji anayeibandua fuwele kutoka kwenye jiwe mama kwa kudhani anaondoa uchafu, mara nyingi anabandua fedha yake mwenyewe.

Cha tatu ni jina la mahali. Spesimeni bila karatasi inayoeleza mgodi, wilaya na nchi ilikotoka ni kama ng'ombe wa mbegu asiyejulikana baba. Karatasi hiyo haigharimu kitu, ila iandikwe siku ile ile jiwe linapotoka, kwa kuwa likishachanganywa na mengine kwenye gunia hakuna wa kukumbuka.

Cha nne ni uaminifu. Amethisti ikichomwa hubadilika rangi na kuwa ya njano, na nyingi huuzwa hivyo kwa jina la sitrini. Wapo wanaoipa kwatzi nyeupe mnururisho ili iwe nyeusi, na wapo wanaobandika fuwele kwa gundi. Mkusanyaji akigundua amefichwa jambo, harudi tena, na huwaambia wenzake.

Mbali na hayo, utunzaji una kanuni zake. Fuwele iliyotoka kwenye ardhi yenye baridi isianikwe juani ghafla, kwani inaweza kupasuka. Kila kipande kifungwe peke yake. Arkansas hutumia asidi ya oksaliki kuondoa kutu ya chuma, lakini asidi hiyo ni sumu, na huweza kuharibu madini mengine yaliyomo. Kwa anayeanza, maji na brashi laini vinatosha.

Nani anaweza kusubiri?

Hesabu rahisi inaonyesha tofauti. Namba hizi ni za mfano tu, si bei za soko. Gunia la kilo 50 likiuzwa kwa Sh500 kwa kilo, mchimbaji anapata Sh25,000 papo hapo. Sasa achague vipande 10 vizima vyenye jumla ya kilo tano na kuviuza kwa Sh5,000 kila kimoja. Anapata Sh50,000. Kilo 45 zilizobaki zikiuzwa kwa bei ile ile ya gunia zinaleta Sh22,500. Akitoa Sh10,000 za maboksi, karatasi na nauli, mkononi zinabaki Sh62,500.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina kasoro moja ambayo kila mkulima anaijua. Fedha za gunia zinapatikana leo; za vipande zinaweza kuchukua miezi. Mwenye ada ya shule ya kulipa Jumatatu atauza gunia, na broka analijua hilo. Tofauti kati ya bei hizo mbili basi haitokani na jiwe tu. Inatokana pia na nani anaweza kusubiri.

Namibia kuna jibu moja la kuigwa. Katika barabara kuu ya kwenda Swakopmund, karibu na njia ya kuelekea mlima Spitzkoppe, wachimbaji wadogo wana soko la ushirika liitwalo Ûiba-Ôas. Mtalii husimama, huchagua na kununua kutoka kwa wachimbaji wenyewe. Meza ya pamoja haiondoi shida ya ada, lakini humpunguzia mchimbaji haja ya kumtegemea mnunuzi mmoja anayefika shimoni.

Tanzania nayo tayari imo katika ramani ya wakusanyaji, hasa kutokana na Mererani mkoani Manyara. Tanzanaiti nzima iliyokaa kwenye jiwe lake la asili pamoja na grafiti hutafutwa na wakusanyaji, wakati mkataji wa vito angeitazama kwa uzito na usafi peke yake.

Lakini anayetaka kuingia katika biashara hii aanze na sheria. Madini yote ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya shamba lenye hati. Mwenye shamba ana haki ya fidia anapoathirika, ila hati yake haimpi ruhusa ya kuchimba na kuuza madini. Mchimbaji mdogo anahitaji leseni ya uchimbaji mdogo, mnunuzi anahitaji leseni ya broka au dila, na kupeleka nje kunahitaji kibali. Ofisi za Tume ya Madini mikoani ndizo za kuanzia. Tangu mwaka 2019 kumekuwa pia na masoko rasmi ya madini katika mikoa mbalimbali.

Tahadhari nyingine ni ya afya. Vumbi la kwatzi likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, na madhara yake hayaponi. Kulowesha mwamba kabla ya kuuvunja na kuvaa barakoa maalumu ya vumbi si anasa.

Mwisho, mkulima asiuze jembe kwa ajili ya fuwele. Sehemu kubwa ya miamba ya kwatzi haina uwazi wa kukuza fuwele yoyote, na Strahler wengi wa Uswisi hawaachi shughuli zao nyingine kwa matumaini ya pango. Huenda milimani kazi ya bondeni inaporuhusu. Lakini siku jembe au sururu itakapogonga uwazi wenye ncha zinazong'aa, nyundo iwekwe chini kwanza. Jiwe hilo limesubiri miaka mamilioni. Likisubiri siku moja zaidi, ili litolewe zima, liandikiwe jina la mahali pake na kufungwa vizuri, halitaoza.