Wakereza Chuma wa Pwani na Sehemu ya Elfu ya Milimita

Mwishoni mwa Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo tarehe 20 ya mwezi ule ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, ilirudi kujificha katika delta ya Rufiji kwa sababu ya kipande kimoja cha chuma. Kilikuwa ni kiungo cha injini, kinachopokea nguvu ya pistoni na kuipeleka kwenye fito zinazozungusha mhimili wa chombo, nacho kilikuwa kimevunjika. Meli ile ilikuwa na mizinga 10 na mabaharia hodari, lakini bila ya kiungo hicho haikuwa na safari. Wala hapakuwa na tamaa ya kuletewa kingine kutoka Kiel ilikoundwa, madhali bahari yote ilikuwa mikononi mwa maadui zake. Basi kiungo kilibebwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, kikatengenezwa, kikarejeshwa mikokoni. Na kabla chombo hakijapata kutoka, Waingereza walikuwa wamekwisha kukigundua na kuifunga milango ya mto.

Tarehe 11 Julai 1915 manowari iliangamia palepale Rufiji, lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wakaiundia magari ya magurudumu ili iweze kukokotwa vitani barabarani na porini. Mmoja wao uliwekwa Bagamoyo, nao ulitekwa na Waingereza walipoushika mji huo Agosti 1916. Watu wanakikumbuka kisa hiki kwa ajili ya vita. Kwangu mimi ajabu yake iko katika karakana: kwamba palikuwapo katika pwani hii, zaidi ya miaka 100 iliyopita, mikono na vyombo vya kutengeneza sehemu ambayo haikuuzwa dukani popote, na kuilinganisha na mashine iliyoundwa ng'ambo hata ikaikubali.

Kazi yenyewe ya kukereza haikuwa ngeni kwetu. Matendegu ya vitanda vya kale, yenye mabonde na vifundo vilivyopangika sawasawa, yalikerezwa kwa uta na kamba, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukishika patasi. Na katika misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, vijana walifundishwa useremala na ufuaji wa chuma. Lakini ukerezaji wa mti hutegemea jicho, na jicho, hata likiwa la stadi mkuu, halioni chini ya kiasi fulani. Mabadiliko makubwa yalikuja yapata mwaka 1800, pale Henry Maudslay wa London alipokamilisha kerezo la chuma ambalo kisu chake hakishikwi tena na mkono wa fundi, bali hufungwa katika kitako kinachosogezwa kwa parafujo. Na parafujo ikizungushwa kwa kiasi kinachojulikana, kisu nacho husogea kwa kiasi kinachojulikana. Tangu hapo ustadi wa mkerezaji ukaanza kuandikika kwa hesabu.

Ili msomaji aione kazi kwa karibu, na tuchukue shafti ya pampu ya maji. Katika wilaya ya Bagamoyo uko mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 na baadaye kupanuliwa hata kuweza kutoa lita milioni 270 kwa siku, ambao ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Maji ya mto huja na mchanga, na mchanga hula chuma. Shafti ikiliwa mahali inapozunguka ndani ya bushi yake, yaani bomba fupi linaloishikilia, hucheza. Ikicheza huipiga bushi. Bushi ikipanuka maji huvuja na beringi hufa, na pampu nzima husimama kwa sababu ya upungufu usioonekana kwa macho.

Fundi anayechonga shafti mpya huifunga kwanza katika taya za lethi, yaani lile kerezo la chuma, na kuiegemeza saa ya kupimia, ambayo mshale wake humwonyesha kama chuma kinazunguka katikati ya mhimili wake au kinayumba. Hapo huweza kutumia muda mrefu akigongagonga na kulegeza na kukaza, na mteja asiyejua humdhania kuwa anapoteza wakati, ilhali hiyo ndiyo kazi. Kisha hukata kwa mikato mizito, chenga za chuma zikitoka zimejisokota na kubadilika rangi kwa joto, huku maji meupe ya mafuta yakipoza kisu. Na anapokaribia kipimo huacha pupa na kukata kidogo kidogo, akisimamisha mashine kila mara na kupima kwa maikromita.

Je, kipimo chenyewe ni kipi? Shafti ya milimita 50 itakayozunguka ndani ya bushi kwa wepesi bila ya kucheza, kwa kanuni mojawapo inayotumika duniani, tundu la bushi yake halipaswi kupungua milimita 50.000 wala kuzidi 50.025, na shafti yenyewe sharti iwe baina ya 49.975 na 49.991. Yaani ruhusa yote aliyopewa fundi wa shafti ni sehemu 16 za elfu ya milimita, ambayo ni kama robo ya unene wa unywele wa kichwa. Akizidisha, shafti itakwama. Akipunguza, itacheza kama ile iliyotolewa, na pesa ya mteja itakuwa imekwenda bure.

Na hapa pwani ana adui wa ziada, naye ni joto. Tangu mwaka 1931 mataifa yamekubaliana kwamba vipimo vya namna hii vihesabiwe katika joto la nyuzi 20, nalo ni joto ambalo karakana ya Bagamoyo au Tegeta haipati kulionja mchana. Chuma cha urefu wa milimita 100, kikiwa katika nyuzi 32, huwa kimerefuka kwa takriban sehemu 14 za elfu ya milimita. Na kikiwa ndio kwanza kimetoka kukerezwa, kingali na moto wa kisu, huzidi maradufu. Maikromita nayo ni ya chuma, hivyo vyote viwili vikiwa na joto moja hutanuka pamoja, na kosa hufutika. Lakini bushi ya shaba hutanuka kuliko chuma, na hapo hesabu huachana. Kwa hiyo mkerezaji mwangalifu hukata, akakiacha kipande kipoe sawa na chumba, ndipo akapima kwa mara ya mwisho. Anayepima kikiwa moto hukabidhi kazi iliyo sahihi, nayo inapofika kwa mwenyewe kesho yake imepungua.

Mpaka hapa nimesema juu ya kipande kimoja kwa ajili ya mashine moja iliyoharibika, na kwa kweli hiyo ndiyo kazi inayozishughulisha karakana zetu nyingi, kuanzia gereji za njiani mpaka karakana za viwanda vikubwa, kama vile kiwanda cha saruji cha Wazo na kiwanda cha sukari cha Makurunge kilichoanza kuzalisha mwaka 2022. Fundi huletewa kipande kibovu, akakitazama, akachonga kinachofanana nacho. Lakini anayeunda mashine mpya za kuuza, za kukamua miwa au kusaga nafaka au kukuna muhogo, ana haja nyingine kabisa. Yeye hutaka bushi 200 ambazo yoyote kati yao itaingia katika mashine yoyote, bila ya tupa wala nyundo, leo na miaka mitano ijayo. Bushi zilizochongwa kila moja kwa kufuatisha mwenzake hazitafaa, kwani kila mfano huongeza kosa lake juu ya kosa la ule uliotangulia. Sharti uwepo mchoro, na katika mchoro ziandikwe pande mbili za ruhusa, ya juu na ya chini.

Nchi yetu ililifahamu jambo hili mapema. Sheria ya kuanzisha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ilipitishwa mwaka 1973. Karakana ya Mang'ula, iliyoanzishwa na Wachina kwa ajili ya ujenzi wa reli ya TAZARA, ikageuzwa kuwa kiwanda cha zana. Na katika miaka ya 1980 kiwanda cha mashine za kuchongea chuma kikajengwa mkoani Kilimanjaro kwa msaada wa Bulgaria. Vilipofifia viwanda hivyo, kilichopotea zaidi ya lethi zenyewe ni desturi ya kuchora, kupima na kuandika, ambayo mafundi walikwisha kuizoea. Nasema haya kwa uchungu, kwa maana lethi hununuliwa kwa mwaka mmoja, ilhali desturi hujengwa kwa kizazi.

Siku hizi zimekuja mashine zinazoongozwa na kompyuta, uzao wa majaribio yaliyofanywa Massachusetts mwaka 1952, na vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wanazisoma kwa shauku. Nazifurahia mno. Mashine ya namna hiyo hurudia kipande cha kwanza mara 200 bila ya kuchoka. Lakini kipande cha kwanza kikiwa na kosa, hulirudia kosa mara 200 kwa uaminifu uleule.

Kwa hiyo muundaji wa mashine anayetafuta karakana, kabla ya kuuliza bei, na aombe kuonyeshwa maikromita: inawekwa wapi, imefutwa mafuta au imeachwa ishikwe na kutu ya upepo wa chumvi, na lini ilipelekwa kulinganishwa na kipimo cha asili. Shirika la Viwango, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya kazi hiyo Dar es Salaam, na kutoka Bagamoyo ni mwendo wa kilomita 70 hivi kwa barabara ya lami.