Udongo Upimwe Ukiwa Umelowa

Kiangazi kikikolea, udongo mweusi wa uwanda kati ya Dumila na Kilosa humdanganya hata fundi. Hukauka ukawa mgumu kiasi cha sururu kugonga na kuruka, lori la mahindi hupita juu yake lisiache alama, na mtazamaji huapa kwamba hapo pamekwisha kuiva kwa lami. Masika yakiingia, ardhi hiyohiyo hunasa trekta. Barabara ya Dumila–Kilosa–Mikumi, yenye urefu wa takriban kilomita 142, hukutana na udongo wa namna hii katika sehemu zake za uwandani, na kwa sababu hiyo ni mfano mzuri wa jambo ambalo wasafiri hawalioni. Ninashikilia kwamba umri wa barabara ya lami huamuliwa na tabia ya udongo wa chini siku unapolowa. Kipimo kisichouweka udongo ndani ya maji hakijapima kitu, na fedha inayookolewa kwa kuruka hatua hiyo hudaiwa baadaye na riba yake.

Kilosa imekaa miguuni pa milima ya Rubeho na Ukaguru, na mashariki yake uwanda unatanda kuelekea mito ya Mkata na Wami. Kwa karne nyingi mito imeshusha udongo laini kutoka milimani na kuulaza bondeni. Mkulima wa mpunga anaushukuru. Mjenzi wa barabara ana kila sababu ya kuuogopa. Udongo mweusi wa mbuga una madini ambayo chembe zake ni tabaka nyembamba mno, zinazopokea maji katikati yake na kutanuka, kisha husinyaa yakikauka na kuacha nyufa za kuingiza mguu. Lami ikiwekwa juu, kinachotokea si kile ambacho wengi wanakidhania. Katikati ya barabara unyevu haubadiliki sana kwa sababu pamefunikwa. Pembeni, mvua na jua hupokezana zamu, hivyo mabega ya barabara hupanda na kushuka kila mwaka ilhali katikati pametulia. Matokeo yake ni ufa mrefu unaokwenda sambamba na ukingo. Maji huingia kwenye ufa huo, udongo hulegea, na malori humalizia kazi. Anayeona shimo hulaumu lami, lakini ugonjwa ulianza chini na pembeni, muda mrefu kabla ya shimo.

Vipimo vya kuugundua ugonjwa huo vipo, na si vipya. Mwaka 1911 mwanasayansi wa Uswidi, Albert Atterberg, alieleza namna ya kutambua ni kwa unyevu kiasi gani udongo huacha kumomonyoka na kuanza kufinyangika, na ni kwa kiasi gani huanza kutiririka kama uji. Pengo kati ya viwango hivyo viwili likiwa kubwa, mhandisi anajua kwamba ana udongo mkorofi mbele yake. Mwaka 1933 Ralph Proctor wa California alionyesha kwamba kila udongo una unyevu wake mwafaka wa kushindiliwa: ukiwa mkavu mno haushikani, ukiwa na maji mengi unateleza tu chini ya mtambo. Huko huko California ndiko kilikozaliwa kipimo cha CBR, ambacho Tanzania inakitumia hadi leo. Udongo hushindiliwa ndani ya chombo cha chuma, pistoni husukumwa ndani yake, kisha nguvu iliyotumika hulinganishwa na ile inayohitajika kwa kokoto bora iliyopondwa, ambayo hupewa alama 100. Jambo la muhimu kwa Kilosa ni kwamba kabla ya kusukuma pistoni, sampuli hulowekwa majini siku nne. Mwongozo wa usanifu wa barabara uliotolewa na Wizara ya Ujenzi mwaka 1999 unagawa udongo wa chini kwa viwango vya CBR vya 3, 7 na 15. Ulio chini ya 3 haujengewi bila hatua maalumu. Kuna pia kifaa chepesi cha kupimia hapohapo barabarani, chuma chenye ncha kinachopigwa na nyundo ya kilo 8 ikidondoka kutoka milimita 575. Ni kizuri, ni cha haraka, na kinaonyesha wapi udongo unabadilika. Lakini kikitumika Septemba kitatoa jibu la Septemba, na barabara haijengwi kwa ajili ya Septemba peke yake.

Udongo ukishafeli, tiba hutegemea namba. Sehemu nyingine inatosha kuchimba udongo mbaya na kujaza moramu, ingawa kwenye uwanda machimbo ya moramu yanaweza kuwa mbali na kila kilomita ya lori ni gharama. Kwingine tuta huinuliwa juu, likapewa miteremko iliyolala na mitaro iliyosogezwa mbali na mguu wake, ili maji yasisimame karibu. Njia ya tatu ni kuutibu udongo wenyewe, na hapo chokaa kwa kawaida huishinda saruji. Kalsiamu ya chokaa hubadilisha namna chembe za mfinyanzi zinavyoshika maji, udongo ukaacha kunata na ukaanza kuchambuka. Baadaye, ualkali mkali wa chokaa huyeyusha sehemu ya madini ya mfinyanzi na kuunda gundi inayozidi kuwa ngumu kwa wiki na miezi. Saruji inafaa zaidi kwa changarawe na mchanga. Kwenye mfinyanzi mzito hata kuichanganya sawasawa ni shida, nayo haingoji, kwani ndani ya saa chache iwe imeshashindiliwa. Kiasi cha chokaa nacho hakikisiwi. Maabara huchanganya sampuli kwa viwango tofauti na kutafuta kiwango kinachofikisha pH ya 12.4. Udongo wenye mboji nyingi hula chokaa bure, na ndiyo maana kipimo cha kijiji kimoja hakiwezi kuazimwa na kijiji cha pili.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni gharama na ucheleweshaji, na kwamba lami nene ingemaliza mjadala. Haimalizi. Unene wa lami husaidia kusambaza uzito wa magurudumu, lakini mfinyanzi unaotanuka unasukuma kutoka chini, na sentimita chache za lami hazina ubavu wa kuuzuia. Tena gharama ya vipimo ni sehemu ndogo sana ya mkataba wa barabara, wakati kufumua barabara iliyopasuka maana yake ni kulipia lami mara mbili. Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la wanaosema kwamba hata barabara zilizopimwa zimebomoka. Ni kweli, na sababu ni mbili. Ya kwanza, maabara hupima kilo chache za udongo, si barabara nzima. Kama chokaa ilimwagwa bila kuchanganywa hadi chini, au mtambo wa kushindilia ulipita mara chache kuliko ilivyotakiwa, cheti cha maabara hakitaokoa kitu. Kugundua hayo ndiyo kazi ya kipimo cha kuchimba kijishimo kwenye tabaka lililoshindiliwa, kupima uzito wa udongo uliotoka na kujaza mchanga unaojulikana uzito wake, ili kubaini kama ushindiliaji umefikia kiwango. Ya pili ni mizigo. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ukizidisha asilimia 20, unaharibu karibu mara mbili. Hapo wa kuulizwa ni wa mizani. Maabara haihusiki.

Niseme pia mahali hoja yangu inapoishia. Januari 2014 mafuriko ya mto Mkundi yaliikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma kwenye daraja la Dumila, na magari yakakwama pande zote mbili. Chokaa isingezuia hilo. Mto unaposomba tuta, tatizo ni upana wa daraja, kina cha msingi wake na hali ya milima inakotoka maji, na kuchanganya swali la mto na lile la udongo ni kumpa kila mhusika mwanya wa kumsukumia mwenzake lawama. Udongo unaotanuka huua barabara polepole, hata katika mwaka usio na mafuriko.

Kipande cha Dumila hadi Rudewa, kilomita 45, ndicho kilichotangulia kuwekwa lami, kisha kazi ikasogea kuelekea Kilosa. Wananchi wa njia hii, na wa vijiji vyovyote vinavyosubiri lami juu ya udongo mweusi, waanze na swali moja mhandisi anapofika kwenye mkutano wa kijiji: CBR ya udongo wetu ilikuwa ngapi baada ya kulowekwa siku nne, na imeamuliwa kufanywa nini kuhusu namba hiyo? Wakiambiwa ilipimwa ikiwa kavu, wadai ipimwe upya kabla greda halijawashwa.